Je, Chagas na Severo Ochoa wana nafasi katika maadhimisho ya wanasayansi wa Kihispania na Kilatino?

Darubini_Kongwe:
Ndugu zangu, habari zenu. Ninaandaa maonyesho ya wanasayansi kwa ajili ya kipindi ambacho Marekani huwaenzi watu wenye asili ya Kihispania na Kilatino kila mwaka, kuanzia Septemba 15 hadi Oktoba 15. Nimewachagua daktari Carlos Chagas, mwanabiokemia Severo Ochoa, mwanakemia Mario Molina na mwanaanga Ellen Ochoa. Mwenzangu anashikilia kwamba wawili wa kwanza hawastahili kuwamo, kwa kuwa mmoja ni Mbrazili na mwingine ni mzaliwa wa Hispania. Je, ana hoja? Na nifanyeje ili maonyesho yasiishie kuwa safu ya picha zenye jina na mwaka wa kuzaliwa?

Mfasiri_Mtulivu:
Ana nusu ya hoja. Sehemu ya tatizo imo katika lugha yetu, maana tukisema "Wahispania" msomaji huwafikiria raia wa Hispania, ilhali huko Marekani neno linalolingana nalo humhusu yeyote ambaye asili yake ni jamii inayozungumza Kihispania. Walatino nao ni wenye asili ya Amerika ya Kilatini, hata kama lugha yao ni Kireno. Kwa hiyo Severo Ochoa, mzaliwa wa Luarca aliyepata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1959, yumo katika kundi la kwanza na hayumo katika la pili. Chagas ni kinyume chake. Molina, mzaliwa wa Mexico, yumo kote, na vilevile Ellen Ochoa, aliyezaliwa Los Angeles katika familia yenye asili ya Mexico. Wabakize wote wanne, ila uieleze tofauti hiyo waziwazi ukutani. Tarehe nayo ina maana yake: Septemba 15 ni kumbukumbu ya uhuru wa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica mwaka 1821, na Mexico huadhimisha uhuru wake siku inayofuata.

Bi_Maabara:
Nimeshangaa kutomwona Carlos Finlay, daktari wa Cuba. Mwaka 1881 alieleza mjini Havana kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu, akamtaja hasa yule mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, ambaye leo tunamwita *Aedes aegypti*. Kwa takriban miaka 20 wengi hawakumsadiki, na kwa kiasi fulani majaribio yake mwenyewe yalimwangusha: mbu akishamnyonya mgonjwa huhitaji siku kadhaa, mara nyingi zaidi ya kumi, kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine, na Finlay hakuwa na namna ya kulijua hilo. Tume ya Marekani ya kuchunguza homa hiyo, iliyoongozwa na daktari wa jeshi Walter Reed, ilipofika Cuba mwaka 1900, ilianza kazi kwa mayai ya mbu aliyoitolea Finlay. Mayai yakaanguliwa, mbu wakalishwa damu ya wagonjwa, na hoja yake ikathibitika. Sifa nyingi zilimwendea Reed. Finlay hakuipata Nobel kamwe, ingawa alipendekezwa mara kadhaa. Weka mchoro mkubwa wa huyo mbu kando ya picha yake, na wageni wataanza kuuliza maswali wenyewe.

Mzee_wa_Hesabu:
Naomba radhi kwa kutofautiana nanyi kidogo. Sayansi haina kabila. Hewa ya ozoni, ile inayotukinga na miale mikali ya jua, haimuulizi mtu pasipoti. Kuna faida gani kuwapanga wanasayansi kwa asili zao?

Bi_Maabara:
Mzee, shikamoo. Matokeo hayana kabila, lakini njia ya kuyafikia ina mahali pake. Molina alianza akiwa mtoto mjini Mexico, alipogeuza bafu la nyumbani kuwa maabara, na shangazi yake mwanakemia akamsaidia. Baadaye, mwaka 1974, yeye na Sherwood Rowland wakaonyesha kwamba gesi zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia hupanda juu na kuachia klorini, ambayo atomu yake moja huweza kuharibu maelfu ya molekuli za ozoni. Nobel ya Kemia waliipokea mwaka 1995, pamoja na Paul Crutzen. Mtoto anayeona lile bafu huelewa mapema kwamba maabara yaweza kuanzia nyumbani.

Darubini_Kongwe:
Ahsanteni sana. Chagas na Severo Ochoa wanabaki, na Finlay anaingia pamoja na mbu wake. Kwa upande wa Molina, nitatafuta jokofu bovu la zamani niliweke chini ya picha yake.