Mrejesho: mayai ya mamba yaliyookotwa mtoni

Ndugu zangu, niliuliza kama mamba walioanguliwa shambani kutokana na mayai ya mtoni wanahesabika kuwa wamezalishwa bandani. Jibu ni hapana, nami nilikuwa nimekosea. Chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini ulioanza kutumika 1975, mayai yakitoka porini kibali cha biashara hubeba herufi R, yaani mnyama aliyetolewa porini akakuzwa shambani. Ili iwe C, yaani aliyezalishwa bandani, wazazi lazima wawe wamepandana humohumo bandani, na kundi liwe limefikia kizazi cha pili au linafugwa kwa njia iliyothibitika kukifikia. Kwa spishi za Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya zilizo hatarini zaidi kutoweka, kama mamba wa Siam, biashara inataka shamba lisajiliwe kwenye Sekretarieti ya mkataba. Herufi ya kibali hicho ni D.

Juzi nilishika ngozi yenye lebo. Ni kikanda kigumu, ukishakifunga hakifunguki mpaka ukikate, kimechapwa msimbo wa nchi, namba, spishi na mwaka. Nilifarijika sana, maana bila hicho ngozi ya mamba aliyewindwa kimagendo ingepita kama ya shambani.

Rejesta yangu ya mayai nimeanza kuiandika upya, kiota kwa kiota. Asanteni mlionisahihisha.