Gumzo la Ukoo, Walukuba (Jinja, Uganda): Kompyuta ya Hamza Inaganda

*Jumatano jioni*

Hamza: Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada wenu. Kompyuta ya dukani imeanza kuganda ovyo. Nachapa mtihani wa shule, ghafla kila kitu kinasimama, kama nusu dakika, halafu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Leo peke yake ni mara sita. Kadi za nikaha ya Zaituni zimebaki nusu.

Mjomba Idi: Waaleikum salaam mwanangu. Hiyo ni stima, umeme. Mashine ya posho, ya kusaga unga wa mahindi, iko mlango wa tatu kutoka dukani kwako. Ikiwashwa, hata taa ya sebuleni kwangu inafifia.

Kassim: Piga Windows upya, ongeza na ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Itapona.

Hamza: Windows imeshapigwa upya Kassim. Fundi mmoja alinifanyia wiki mbili zilizopita, nikamlipa, na jioni ileile ikaganda.

Shangazi Mariam: Poleni. Mimi kompyuta sizijui, lakini wodini mgonjwa akija tunamuuliza: ilianza lini, na kabla yake ulifanya nini?

Hamza: Shangazi, nadhani tangu mwezi uliopita. Sikumbuki jambo lolote kubwa.

Zubeda: Nimeingia sasa hivi, niko ndani ya teksi natoka kazini. Kaka Hamza, kabla ya yote: mitihani na kadi zina nakala popote nje ya hiyo kompyuta?

Hamza: Hapana. Ziko humohumo.

Zubeda: Basi usifunge duka kabla hujazihamishia diski ya nje. Kuganda kwa namna hii mara nyingine ni diski inayoelekea kufa, na haitoi taarifa ya siku. Ukishamaliza, nijibu haya. Ikiganda, mshale wa mausi bado unatembea? Ukiendelea kuandika, herufi zinapotea au zinakuja zote pamoja baadaye? Kile kitaa kidogo cha mbele kinachopepesa diski ikifanya kazi, kinakuwaje? Na ukibonyeza Num Lock, taa yake kwenye kibodi inabadilika?

*Jumatano usiku*

Hamza: Nimehamisha zote. Imeganda mara mbili wakati wa kuhamisha. Mshale unatembea. Herufi zinakuja kwa mkupuo baadaye, mstari mzima. Kitaa cha mbele kinawaka moja kwa moja bila kupepesa. Num Lock inabadilika.

Zubeda: Alhamdulillahi, umenisaidia sana. Ubongo wa kompyuta uko macho, unasubiri tu diski ijibu. Ingekuwa mshale umekufa, sauti inakwama ikilia zzzz na Num Lock haibadiliki, ningeanza na ramu, joto au pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa stima ndani ya kompyuta. Kassim, ramu usinunue kwanza.

Kassim: Sawa dada. Lakini kama ni diski, si anunue SSD mpya tu, ile diski isiyo na sahani zinazozunguka?

Zubeda: Akinunua diski mpya na kosa liko kwenye njia ya diski, ile mpya itaganda vilevile. Tusibadilishe kitu kabla hatujajua. Fundi alibadilisha Windows nzima na haikusaidia, na hilo nalo limetuonyesha kwamba kosa huenda halimo kwenye Windows.

Mjomba Idi: Na stima je? Mmeipita tu?

Zubeda: Sijaipita Mjomba. Stima ikishuka sana, mara nyingi kompyuta inazimika au inajiwasha upya. Pawa saplai inahifadhi nguvu ya kitambo kidogo mno, haifiki hata sekunde moja. Kuganda nusu dakika kisha kuendelea pale pale si tabia yake. Lakini tuipime. Kaka, weka daftari karibu na kibodi. Kila ikiganda andika saa, ulikuwa unafanya nini, na mashine ya posho ilikuwa inalia au la.

*Alhamisi asubuhi*

Zubeda: Leo mambo mawili. Bonyeza kitufe cha Windows, andika eventvwr, ndiyo daftari la matukio la Windows yenyewe, ingia. Fungua kumbukumbu za Windows, kisha zile za Mfumo. Tafuta alama za njano au nyekundu zenye saa ileile uliyoandika kwenye daftari. Unataka namba ya tukio na jina la chanzo. La pili, weka programu ya CrystalDiskInfo, inasoma afya ya diski, ni ya bure, unipigie picha ya skrini.

Hamza: *[picha]* *[picha]* Namba 129 imejaa, chanzo storahci. Saa zinafuatana na daftari langu, zinapishana dakika moja tu.

Zubeda: Sawasawa kabisa. Storahci ni kile kipande cha Windows kinachoongea na diski. 129 ni Windows ikisema: nimeiita diski, imenyamaza, nimelazimika kuiamsha upya. Ile nusu dakika yako ndiyo muda wa kuita na kungoja.

Sasa picha ya pili. Angalia mistari 05, C5 na C6. Hiyo inahesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazotiliwa shaka. Kwako yote ni sifuri, kwa hiyo diski yenyewe inaelekea ni nzima. Shuka hadi C7. Imeandikwa 1A4. Programu hiyo inahesabu kwa kumi na sita, ndiyo maana unaona herufi katikati ya namba. 1A4 ni 420 kwa hesabu yetu.

Shangazi Mariam: 420 ya nini mwanangu?

Zubeda: Ya data iliyofika imeharibika njiani Shangazi, kati ya diski na bodi kuu. Ni kama unapiga simu kijijini na mtandao unakatakata: mwenzako anasema maneno sahihi, wewe unasikia vipande, unamwambia rudia. C7 inahesabu hizo "rudia". Haishuki kamwe, inapanda au inasimama. Kwa hiyo 420 inaweza kuwa ya zamani. Kaka, iandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Tuone kesho.

*Ijumaa, baada ya swala*

Hamza: Mjomba, nisamehe, ila posho haina kosa. Leo mwenye mashine alifunga tangu saa tano kwa ajili ya Ijumaa. Kabla sijaenda msikitini nami, imeganda mara tatu, kimya kabisa, hakuna mashine inayolia.

Mjomba Idi: Kale, sawa. Nimekubali. Daftari limesema.

Hamza: Na C7 sasa ni 1B0.

Zubeda: 432. Kumi na mbili zaidi kwa siku moja na nusu. Inapanda. Nisomee daftari: ulikuwa unafanya nini kila mara?

Hamza: Jana saa tatu na dakika kumi, nakata kadi. Saa nne kasoro, nafungua faili. Saa saba na nusu, nakata kadi. Saa kumi, nakata mitihani. Leo saa tano na robo, kadi. Saa sita kasoro mara mbili, kadi.

Zubeda: Unakatia wapi?

Hamza: Kwenye meza hiyohiyo. Kile kikatio kikubwa cha mkono. Ukikishusha, meza yote inatetemeka na kompyuta iko juu yake...

Hamza: Subhanallah. Shangazi, swali lako! Mwezi uliopita nilifungua kasha nikapuliza vumbi. Lilikuwa limejaa hadi feni haizunguki vizuri. Nilizisogeza waya ili brashi ipite.

Shangazi Mariam: Mgonjwa huficha jambo bila kukusudia. Pole mwanangu.

Zubeda: Kupuliza vumbi ulifanya vyema, endelea nako. Ila waya wa data wa diski, ule bapa wa SATA, unashikwa na plagi ndogo ya plastiki. Za zamani nyingi hazina kile kibanio cha chuma, zinalegea zikiguswa tu, na meza ikitetemeka ndiyo basi. Nunua mpya wenye kibanio cha chuma ncha zote mbili. Mfupi unatosha, usizidi mita moja.

*Jumamosi asubuhi*

Hamza: Nimeupata Jinja mjini, elfu 10. Nifanyeje sasa?

Zubeda: Zima kabisa, chomoa waya wa stima ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili nguvu iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kitu ndani, vidole vina umeme wa msuguano. Piga picha ya ndani kama ilivyo. Kisha chomoa waya wa data tu, ushike kwenye plagi usivute waya. Mpya una umbo la L, unaingia upande mmoja tu, ukikataa usilazimishe. Sukuma hadi usikie tk. Usiukunje kwa pembe kali.

Na kaka, nakuomba sana: tundu la bodi liwe lilelile, ramu usiiguse. Tukibadilisha vitu vitatu leo, kesho ikipona hatutajua kilichoiponya, na ikirudi tutaanza upya. Tundu lingine tutalijaribu tu kama C7 itaendelea kupanda.

Hamza: Nimemaliza. Wa zamani ulitoka wenyewe, sikuuvuta hata kidogo. Nimeushika tu ukaja mkononi.

Hamza: Inawaka. C7 1B0. Nimekata kadi 20 makusudi, kwa nguvu. Haijaganda.

Kassim: Allahu akbar 🙌🏾

Zubeda: Usiondoe daftari bado. Na kikatio kihamishie meza nyingine, diski ya sahani zinazozunguka haipendi kutikiswa.

*Alhamisi iliyofuata, usiku*

Hamza: Siku ya sita leo. Daftari ni tupu. C7 1B0, haijaongezeka hata moja, na 129 ya mwisho ni ile ya Ijumaa. Mitihani imeshapelekwa shuleni. Kadi zote 150 ziko kwenye boksi.

Zubeda: Nimefurahi hadi machozi yananilenga. Sasa nakala ya faili zako iwe kila Ijumaa, diski ikae nyumbani, isikae dukani.

Shangazi Mariam: Mimi nakuja kesho na basi kutoka Bombo. Mnipitishie kadi za upande wa Arua nizipeleke kituoni mwenyewe.

Mjomba Idi: Nitakupokea stendi. Hamza, nami nakuletea ile kompyuta ya marehemu kaka yangu, ina picha za reli za miaka ya sabini. Nayo inaganda. Nimeshanunua daftari.