Eti "diodi ni diodi"! Yule fundi wa pale kona kaniulia mayai 60

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua: yule wa miwani kichwani na redio isiyozimwa tangu uhuru.

Mashine yangu ya kutotolesha vifaranga inatumia betri ya sola ya volti 12, ila chipu inayosoma joto inataka 5. Kazi hiyo ni ya zena moja, yaani diodi ya kushikilia volti zisizidi, 1N4733A, na rezista ya omu 100. Zena inafungwa kinyume, mstari wake upande wa chanya. Umeme ukitaka kuzidi volti 5.1, inafunguka na kumwaga ziada kwenye hasi. Iliungua, nikampelekea abadilishe.

Leo nafungua kifuniko, nakuta 1N4007, diodi ya kawaida ya kupitisha umeme upande mmoja tu! Nyeusi tii! Hiyo ukiifunga kinyume inaziba mpaka volti 1000, haimwagi kitu. Jua lilipowaka betri ikapanda 14, chipu ikapasuka kama bisi. Mayai yamepoa siku ya 19, jamani, bado siku mbili!

Namuuliza, hata macho hainui: "Dada, diodi ni diodi." DIODI NI DIODI! Basi chumvi na sukari ni kitu kimoja! Namwonyesha namba, anarudia "diodi ni diodi", anaongeza sauti ya redio. Mbele ya wateja!

Kitasa: Pole, ila mayai 60 unayakabidhi kwa zena? Ungeweka 7805, chipu ya kushusha umeme hadi volti 5, ulale.

Baharia wa Nchi Kavu: Mimi alinigeuzia zena kwenye redio ya gari, mstari kwenye hasi. Ikabaki volti 0.7, akaniambia redio ina usingizi.

Kitasa: Ukiigeuza hivyo zena inakuwa diodi ya kawaida. Kumbe jamaa hakukosea 😂

Mleta uzi: USIMTETEE! "Diodi ni diodi" kaisema anatafuna karanga!

Bibi Sola: Afadhali nyie. Mimi nimeuziwa betri "ya ampea 100", nainyanyua kwa mkono mmoja.

Kitasa: Duka lile la ngazi za bluu?

Bibi Sola: Hilohilo!

Baharia wa Nchi Kavu: Wale? Feni yangu walisema inazunguka pande zote. Inazunguka yenyewe mezani.

Mleta uzi: Jamani, mayai yangu…

Bibi Sola: Risiti walikupa?

Baharia wa Nchi Kavu: Risiti gani, waliandika kwenye boksi la kiberiti.