Naomba ushauri: kutafuta picha za zamani za nyumba za Mji wa Kale katika hazina za mtandaoni

MwanaKibokoni:
Assalam aleikum wanajukwaa. Familia yetu inakusudia kuirejesha roshani ya mbao ya nyumba yetu iliyoko Kibokoni, Mombasa, ambayo iliondolewa baada ya kuliwa na mchwa, na fundi wa nakshi amekataa kuanza kazi mpaka apate picha inayoonyesha vishikilio vyake na urembo wa ukingo wake. Naafikiana naye, kwa kuwa roshani ya kubuni ingeharibu sura ya mtaa mzima. Nimepekua hazina kadhaa za picha za majengo, lakini kila nikiandika Mombasa naletewa Ngome ya Yesu kutoka kila upande. Je, nyumba za watu hazikupigwa picha, au ni mimi nisiyejua kutafuta?

Mkutubi wa Pwani:
Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Picha zipo. Mtambo wa kutafutia kwa kawaida unasoma maelezo ya picha, na mara nyingi aliyeiorodhesha alinakili tu maandishi aliyoyakuta juu yake. Kwa hivyo tafuta kwa majina waliyoyatumia wao: Mombassa yenye s mbili, East Africa Protectorate kwa picha za kabla ya 1920, na Kenya Colony kwa za baadaye. Jaribu pia Vasco da Gama Street, jina linaloonekana kwenye postikadi za kale za mji wetu.

Anza na mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Kisha ingia Maktaba ya Bunge la Marekani, katika mkusanyo wa Matson, ambao una picha za safari ya Afrika Mashariki ya 1936. Tovuti ya Archnet nayo ni nzuri kwa usanifu wa Kiislamu, ingawa kwa maoni yangu misikiti inapata nafasi kubwa kuliko nyumba. Ukipata picha moja ya mtaa wako, fungua zilizo jirani nayo kwa namba, kwa sababu huenda mpiga picha alitembea mtaa mzima siku ileile, na huenda nyumba yenu imo katika picha ambayo maelezo yake yanataja msikiti tu.

Bi Chokaa:
Naongeza tahadhari. Picha za zamani zilizopigwa kwenye mabamba ya kioo wakati mwingine huwekwa mtandaoni zikiwa zimegeuzwa kulia kushoto. Tazama maandishi ya Kiarabu juu ya mlango. Yakionekana kinyumenyume, igeuze picha kwanza. Kuhusu umri wake, angalia barabarani: ukiona reli nyembamba za vile vigari vilivyosukumwa kwa mikono, picha hiyo ni ya miongo ya mwanzo ya karne ya 20 au kabla kidogo. Pakua faili kubwa kuliko zote, maana nakshi haisomeki katika picha ndogo, na uandike namba yake ya kumbukumbu.

MwanaKibokoni:
Shukrani nyingi. Nikiipata, je, fundi ataweza kuchukua vipimo humo?

Fundi Boriti:
Ataweza kwa kiasi, kaka. Ikiwa fremu ya mlango wa zamani bado ipo, ipimeni, mlinganishe na ilivyo pichani, mpate uwiano. Uwiano huo ni wa vitu vilivyo kwenye uso wa ukuta peke yake. Roshani imetokeza mbele, kwa hivyo pichani itaonekana kubwa kuliko ilivyokuwa. Ndiyo maana ningewashauri mbandue lipu kwa uangalifu pale ilipokuwa roshani na kutafuta matundu ya boriti katika ukuta wa matumbawe. Nafasi kati ya matundu hayo ndiyo nafasi halisi ya vishikilio, na idadi yake ikitofautiana na ya pichani, basi huenda picha hiyo ni ya nyumba nyingine.