Tupeane uzoefu: mitambo ya muziki inayoshindwa kupiga roki

Nyuzi Sita
Wakuu, kuna jamaa yangu ana spika ndogo za mezani ambazo kila aliyezisikia anazisifu. Jana akaniwekea dada anaimba na gitaa kavu. Kweli, hata pumzi unaisikia. Nikaomba roki. Wimbo ukaanza vizuri na gitaa moja, kisha dramu, besi na gitaa la pili vikaingia kwa mkupuo. Hapo hapo mwimbaji akazama, besi ikabaki mvumo tu, na matoazi yakawa kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Jamaa anasema roki yenyewe imerekodiwa vibaya. Mimi nasema ni mtambo. Mliokutana na hali hii tupeane uzoefu: mtambo gani ulikuangusha, na ulikuangushia wapi?

Ngoma ya Mguu
Umegusa kidonda mkuu. Ni pale pale vinapoingia vyote. Kabla ya hapo kila spika ni nzuri.

Fundi Koili
Nyuzi Sita, spika za jamaa yako sio mbovu. Hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Uzi mzito wa gitaa la besi unapiga hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), uzi mzito wa gitaa la kawaida hezi 82, na kishindo cha ngoma ya mguu kipo katikati ya hapo. Wufa, ile koni ya besi, ya inchi 4 au 5 ili itoe hezi 41 kwa sauti kubwa lazima iende mbele na nyuma mwendo mrefu sana, na koni hiyo hiyo ndiyo iliyombeba mwimbaji na magitaa. Besi ikiitikisa, wote waliomo wanatikisika. Gitaa kavu na dada mmoja haviiombi kazi hiyo hata kidogo. Halafu gitaa lenye mkwaruzo halipumziki. Linajaza katikati yote mwanzo wa wimbo hadi mwisho, spika haipati nafasi ya kuvuta pumzi.

Hata BBC walipobuni spika yao ndogo ya LS3/5A, lengo lilikuwa spika ya kukaa kwenye magari ya kurushia matangazo, sehemu finyu, wasikilize sauti ya mtu ikoje. Kwa kazi hiyo inaheshimika mpaka leo. Ukiipa wati moja inatoa desibeli 82 au 83 tu, sauti ya upole. Sasa wewe unataka iwe jukwaa!

Mzee wa Santuri
Vijana, mnailaumu mitambo bure. Mimi nina amplifaya ya valvu, valvu moja ya 300B kila upande, wati 8, na spika ya koni moja isiyo na krosova, kile kigawanyi cha besi na sauti za juu. Sauti ya binadamu inayotoka pale wengi wenu hamjawahi kuisikia. Mtambo mzuri ni mzuri kwa muziki wote. Roki ikichafuka, uchafu ulikuwa kwenye rekodi, mtambo umesema kweli tu.

Nyuzi Sita
Shikamoo mzee. Lakini ukiweka roki unaisikiliza mpaka mwisho?

Mzee wa Santuri
Marahaba. Siisikilizi sana.

Ngoma ya Mguu
Jibu limepatikana.

Fundi Koili
Tumheshimu mzee, tuhesabu tu. Spika ya desibeli 85 ukiipa wati 8 unaongeza desibeli 9, yaani 94 ukikaa mita moja, na hapo amplifaya imefika mwisho. Kila ukitaka desibeli 3 zaidi lazima nguvu iwe mara mbili. Kishindo cha sneya, ile ngoma kali ya dramu, kinataka kuruka juu ya hapo na hakuna pa kurukia.

Mzee wa Santuri
Zangu ni za honi, desibeli 100. Umehesabu nyumba ya mtu mwingine.

Fundi Koili
Basi una 109 mzee wangu, kwenye nguvu nimekubali. Kwenye koni moja bado sijakubali.

Bi Matoazi
Nimesoma hapo "vinapoingia vyote" mwili ukasisimka. Mimi napiga dramu. Tulialikwa kupiga kwenye ukumbi ambao mwenyewe alituhakikishia mtambo upo, mkubwa, tusibebe chochote isipokuwa vyombo na amplifaya za jukwaani. Tukafika watu wameshaanza kuingia. Mtambo wenyewe: honi kwenye nguzo, spika za dari, na amplifaya moja kabatini ya kutangazia. Ya hotuba na "mwenye gari fulani asogeze gari". Hakukuwa na miksa, matundu manne tu.

Mpiga besi akachomeka. Kilichotoka ni ngo, ngo, ngo, noti zote zinafanana. Akaongeza, honi zikaanza kukoroma. Tukasema basi, besi itatoka kwenye amplifaya yake mwenyewe, tuanze.

Sasa sikilizeni. Tunaanza wimbo, gitaa mbili zinanguruma kwenye spika za ukumbi, watu wamesimama. Mwimbaji akafungua mdomo, na magitaa YAKAPOTEA. Yamezimwa kabisa! Ukumbi mzima mwimbaji peke yake na mimi napiga ngoma nyuma yake. Akinyamaza, sekunde moja mbili, magitaa yanarudi kwa kishindo. Akiimba, yanakufa. Mpiga gitaa anageuka ananiangalia, anakanyaga pedali zake moja moja, anatikisa waya. Mwimbaji akadhani amekosea mahali, akaacha kuimba, magitaa yakarudi, akaanza tena, yakakata tena. Watu wanaanza kutazamana. Kwenye kiitikio, tunapoimba wote, palikuwa pakavu kuliko mahali popote kwenye wimbo, na kiitikio ndicho tulichokifanyia mazoezi kuliko chochote. Nilipiga matoazi kwa nguvu mpaka mkono ukauma, nijaze lile pengo. Mtu mmoja huwezi kujaza pengo la magitaa mawili.

Mwisho tuliitoa maikrofoni pale, tukaichomeka kwenye amplifaya ya gitaa. Muziki ukatengemaa, ila maneno hayakusikika, s na t zote zimekatika. Mwenye ukumbi akatuambia mbona kwaya iliyotangulia haikulalamika.

Ngoma ya Mguu
Dada pole sana. Mbona magitaa yanazimika mtu akiimba? Kuna mtu alikuwa anawahujumu?

Fundi Koili
Hakuna hujuma. Amplifaya za matangazo nyingi zina kipaumbele cha maikrofoni: ukiongea kwenye tundu la kwanza, vingine vyote vinashushwa ili tangazo lisikike. Imefanya kazi yake sawasawa. Na ile besi ya ngo ngo, mitambo hiyo hupeleka umeme kwa mstari wa volti 100, kila spika ina transfoma ndogo. Besi nzito ikipita, chuma cha transfoma kinajaa sumaku na sauti inakatika. Kuhusu s na t, spika ya gitaa huanza kuporomoka karibu na hezi 5,000, ndiyo maana gitaa la mkwaruzo linapendeza humo na sauti ya mtu inafifia.

Kidole Gumba
Mwimbaji aliendelea na bendi?

Bi Matoazi
Yupo. Lakini siku ile alilia.

Mzee wa Santuri
Binti, msijione wa kwanza. Mwaka 1965 Beatles walipiga Shea Stadium, New York, watu zaidi ya 55,000, amplifaya za Vox za wati 100, na sauti zao zikapita kwenye spika za uwanja wa besiboli. Kelele za mashabiki zilifunika yote. Kufika 1974 bendi ya Grateful Dead wakasimamisha ukuta wa spika nyuma ya jukwaa, kila chombo na spika zake, kisichanganyike na kingine.

Fundi Koili
Mzee, si umesema mwenyewe? Kila chombo na spika zake. Koni moja kwa vyote haiwezi.

Mzee wa Santuri
Uwanjani, ndiyo. Chumbani kwangu, hapana.

Sauti Kubwa
Mnazunguka sana. Nunua sabufa yenye wati elfu kadhaa, mchezo umekwisha.

Ngoma ya Mguu
Hizo wati ni za PMPO, namba za kutia chumvi zilizoandikwa kwenye boksi. Geuza nyuma uangalie mtambo unakula wati ngapi za umeme. Hauwezi kutoa kuliko unachokula.

Sauti Kubwa
Ya kwangu inatikisa milango. Roki inataka nini zaidi?

Ngoma ya Mguu
Inataka katikati! Sabufa yako ina dum na ina tsi. Gitaa liko wapi? Roki ni gitaa na sneya, na vyote viwili vinakaa pale ambapo mtambo wako una shimo.

Sauti Kubwa
Wivu.

Kidole Gumba
Mimi natumia hedifoni, yamekwisha. Hakuna jirani, hakuna ugomvi.

Bi Matoazi
Hedifoni haigongi kifuani. Na angalieni masikio jamani, mimi mlio wa sikioni nakaa nao. Desibeli 85 ni kwa saa 8, na kila ikipanda 3 muda unagawanyika nusu. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa.

Fundi Koili
Na msikamue amplifaya ndogo mpaka ikate vilele vya wimbi. Ikikata inazaa mawimbi ya juu ambayo hayakuwamo kwenye wimbo, na tuita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ndiyo inayoyabeba. Nimebadilisha tuita nyingi za wapenzi wa roki kuliko za mtu yeyote.

Nyuzi Sita
Sasa mnanishauri nimwambie nini jamaa yangu? Auze?

Mzee wa Santuri
Asiuze.

Ngoma ya Mguu
Auze, atafute spika za zamani zenye wufa ya inchi 10 au 12.

Kidole Gumba
Abadilishe aina ya muziki, ni rahisi zaidi 😀

Fundi Koili
Abaki nazo, aongeze sabufa ya kweli, halafu akate besi ya chini ya hezi 80 isifike kwenye zile ndogo. Asiache zote zikapiga besi moja, hapo hatakuwa amezisaidia. Koni ikitulia, mwimbaji na magitaa yatajitenga. Hazitakuwa jukwaa, lakini roki itasikilizika.

Nyuzi Sita
Namwambia leo. Bi Matoazi, ukumbi wa namna ile mkialikwa tena mnafanyaje?

Bi Matoazi
Tunafika mchana. Maikrofoni ya mwimbaji haiendi tundu la kwanza, inaenda la pili au la tatu, na nyuma ya amplifaya natafuta swichi ya kipaumbele. Nyingine swichi iko ndani, hapo tunaomba fundi wao aifungue. Besi na magitaa yanabaki kwenye amplifaya zake jukwaani, mtambo wao tunaupa sauti ya mtu peke yake. Hicho unakiweza.