Raia wa kawaida anaanzia wapi kudai pesa ya kutunza miti, si ya kupanda tu?

kijana_wa_mtoni
Wadau habari zenu. Sisi ni kikundi cha vijana hapa mtaa wa Huruma, Nairobi, masika ya mwaka jana tulipanda miche kama mia nne kando ya mto Mathare, tulipewa bure, wageni wakaja na tisheti na kamera, picha zikapigwa. Kiangazi kilipoingia hakuna pesa ya maji, hakuna ua, hakuna mtu wa kulinda, mbuzi wakala, mingine ikakauka, tumebaki na kama thelathini. Nikaenda ofisi moja nikaambiwa bajeti ishapita nirudi mwakani, nikarudi nikaambiwa hivyo hivyo. Na mafuriko ya 2024 yalinikuta hapa hapa, niliona maji yakibeba nyumba za watu. Sasa naomba kujua, tunafanyaje ili pesa ya kutunza hii ardhi ya kingo iingie kwa bajeti yenyewe, iwe inakuja kila mwaka?

karani_mstaafu
Pole sana kijana wangu. Nimekaa na makaratasi ya bajeti miaka mingi, shida yako ni kwamba unafika chakula kishapakuliwa. Kaunti inatakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, Februari inakuja karatasi ya mikakati ya fedha, makadirio yanafika mwisho wa Aprili, halafu mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Wewe ukienda Juni utamlilia nani? Jambo lako liwe kwa ule mpango wa Septemba, kwa hivyo anza kumfuata MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi yenu kwa bunge la kaunti, Julai, Agosti, na mkutano wa maoni ya wananchi ukiitwa mjae, msitume mtu mmoja.
Na wakikuambia misitu ni ya serikali kuu, waambie wasome Jedwali la Nne la Katiba, kutunza udongo, maji na misitu kumetajwa kwa kazi za kaunti. Kuna pia kifungu cha 69, serikali ijitahidi kufikisha miti angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Hiyo ni Katiba, mnadai haki yenu.

Otis254
Mimi nauliza tu kwa nia njema, hospitali hazina dawa, shule watoto wamebanana, kweli tuseme pesa iende kwa miti?

mama_miche
@Otis254 swali lako si baya, lakini maji unayokunywa hapo Nairobi yanatoka wapi? Mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, na Ndakaini inalishwa na mito ya milima ya Aberdare. Msitu wa kule juu ukiisha, udongo unashuka bwawani, mito inakauka kiangazi, wewe unanunua mtungi kwa mkokoteni. Kipindupindu kinaingia mtaani kwa njia hiyo hiyo ya maji machafu, halafu hiyo dawa unayosema inatafutwa mara mbili.

Sasa wewe kijana wa mtoni. Mimi nina kitalu miaka mingi, naumia roho nikiona miche yangu inaenda kufa. Mkiandika maombi msiseme "tunaomba pesa ya mazingira", hayo ni maneno matupu, hakuna afisa atayawekea hesabu. Andikeni: ua wa mita ngapi, mitungi mingapi ya maji kwa wiki wakati wa kiangazi, palizi mara ngapi, mlinzi wa usiku na mchana, mche uliokufa urudishiwe na mwingine, kwa miaka mitatu. Kupanda ni asubuhi moja, mti mchanga unahitaji hiyo miaka mitatu usimamiwe kama mtoto. Na kando ya mto msikubali mikaratusi, wekeni mikuyu na mianzi.

Kitu kingine. Watu wanatolea mfano msitu wa Karura hapa Nairobi, na ni mfano mzuri kweli, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale 1999 wakiutetea, na leo watu wanalipa kiingilio wanatembea. Lakini nani atalipa kiingilio kutembea kando ya mto Huruma? Kwetu hakuna geti la kukusanya pesa, ndio maana lazima itoke kwa kodi. Mtu wa mtaa anaponunua sukari na muda wa maongezi analipa kodi kama yule tajiri wa Muthaiga.

kijana_wa_mtoni
Mama, hiyo ya geti imenigusa, nitaisema kwa mkutano. Tumekaa jana jioni na wenzangu tukapima, ni mita 310 za ua, Jumamosi tunaanza hesabu ya maji. Swali moja tu, hayo maombi lazima yawe Kiingereza? Wengi wetu hapa tutajieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili.

karani_mstaafu
Andikeni Kiswahili bila wasiwasi, kifungu cha 7 cha Katiba kinasema ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Wote mtie sahihi na namba za vitambulisho, mchape nakala mbili. Moja waachieni, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe mkiwa mmesimama hapo hapo, mrudi nayo nyumbani.