Makundi ya wapiga picha: "kali sana mkuu" na "futa hii" havimfundishi mtu, tubadilike

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira na sitazunguka.

Ingia kundi lolote la wapiga picha wanaojifunza, liwe la WhatsApp, Telegram au Facebook. Mtu anatupia picha na kuandika "naomba mnikosoe". Zinashuka emoji za moto, "kali sana mkuu", "umetisha", "noma". Kisha anatokea mkongwe mmoja: "Futa hii. Nunua fulufremu (kamera ya sensa kubwa) kwanza ndiyo uje." Mada imekufa hapo. Aliyeuliza anaondoka hajui kosa liko kona gani ya picha, limesababishwa na nini, wala akishika kamera tena abadilishe kitu gani. Akirudi na kosa lile lile mnasema hasikii. Atasikia nini na hamkumwambia kitu?

Kinachoniudhi kuliko vyote ni "picha imeblur". Mnaandika maneno mawili mnapita. Picha inakosa ukali kwa sababu tofauti kabisa, na dawa ya moja haitibu nyingine. Anayekosoa ana kazi ya dakika moja tu: aivute picha hadi asilimia 100 aangalie.

Uso una ukungu lakini sikio, kola au majani ya nyuma yanaonekana vizuri? Fokasi imekosea. Lenzi ya 50 mm kwenye f/1.8 (tundu lake limefunguliwa sana), kamera ya APS-C (sensa ndogo kuliko fulufremu), mtu akiwa mita moja na nusu, eneo lenye ukali ni kama sentimita 6 tu. Ukifokasi jichoni halafu mtu akainama kidogo mbele, jicho limeshatoka nje. Mwambie atumie pointi moja ya fokasi, aiweke kwenye jicho lililo karibu na kamera, na afunge apacha (tundu la lenzi) hadi f/2.8 au f/4. Huyu hata akipandisha kasi ya shata (pazia la kamera) hadi 1/2000 ya sekunde hatapona.

Hakuna kitu chochote chenye ukali, na vitaa vidogo vimekuwa vimistari vinavyoelekea upande mmoja? Mkono umetikisika. Hapo ndipo shata inahusika: chukua urefu wa lenzi, zidisha kwa 1.5 kama ni APS-C, sekunde moja gawanya kwa jibu hilo ndiyo kasi ya chini ya kuanzia. Lenzi ya 50 mm inataka angalau 1/80, ya 200 mm inataka 1/320.

Ukuta na viti viko safi ila mikono ya mcheza ngoma imevutika? Aliyepigwa ndiye aliyesogea. Kizuia mtikisiko cha lenzi hakisaidii chochote hapa, maana kinatuliza kamera, hakimtulizi mchezaji. Anayetembea mpe 1/250, anayecheza mpe 1/500 kwenda juu, na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ipande bila kuiogopa. Chenga (punjepunje kwenye picha) za ISO 3200 zinapunguzika kwenye programu. Mkono uliovutika haurudi.

Picha nzima ina utando kama wa maziwa na kila taa imevaa duara la nuru? Futa lenzi. Simu iliyoshinda mfukoni na kushikwa na vidole vya mafuta ndivyo inavyopiga.

Hizo ni sababu nne, na nyie mnajibu zote kwa neno moja. Mbaya zaidi, wengine wanamtuma mtu akanunue lenzi mpya wakati alihitaji kusogeza pointi ya fokasi tu.

Sasa tuje kwenye "iko dark, ongeza mwanga". Picha yenyewe tunaijua, kila kundi inayo: mzee wa kanzu nyeupe na kofia, saa sita mchana, jua la utosini. Kanzu inawaka, uso umezama, macho hayaonekani chini ya kivuli cha paji. Mnamwambia aongeze mwanga. Anafungua Snapseed, programu ya kuhariri picha, anavuta mwanga wote juu, uso unatokea, na darizi ya kifuani inafutika yote inabaki karatasi nyeupe. Anairudisha, mnamwambia "sasa imeungua". Mmemzungusha mtu mchana kutwa kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kumweleza kilichotokea.

Kilichotokea ni hiki. Kamera inapima mwanga ikichukulia kwamba kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu cha kati. Ikiona kanzu nyeupe imejaa kwenye fremu inashusha mwanga, na uso mweusi ulio kivulini unashuka nao. Jua la utosini linaongeza pengo: kifua na mabega yanapigwa moja kwa moja, macho hayapati kitu. Dar es Salaam jua linapita juu kabisa ya kichwa mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, na hata miezi mingine saa sita haina huruma. Pengo hilo halitibiwi kwa kuongeza mwanga wa picha nzima.

Ukosoaji wenye msaada ungesema hivi: "Uso umezama kwa sababu kanzu iko juani na macho yako kivulini. Msogeze mzee ndani ya kivuli cha baraza, hatua mbili hivi kutoka ukingoni, atazame nje kwenye uwazi. Uso na kanzu vitapata mwanga wa aina moja. Mtu mwingine ashike manila nyeupe usawa wa kiuno, karibu mita moja, irudishe mwanga chini ya kofia. Pima mwanga usoni, kisha washa onyo la sehemu zilizoungua uone kama kanzu inamwekamweka. Ikimwekamweka, punguza theluthi mbili za stopu (kupanda stopu moja ni mwanga mara mbili)." Kwa picha iliyokwisha kupigwa: kama ni RAW (faili ghafi la kamera), chora maski (eneo la kuhariri) ya uso peke yake na umpandishe kwa stopu moja, kanzu usiiguse. Kama ni JPG (faili lililobanwa) na kanzu imeshaungua, mwambieni ukweli kwamba darizi haipo tena kwenye faili, asipoteze usiku akiitafuta.

Na kivuli nacho kitazameni. Chini ya ukuta wa kijani uso unakuja wa kijani, mtu anaambiwa "rangi mbaya" badala ya kuambiwa ahame ukuta.

Lawama haziwaangukii wakosoaji peke yao. Nyie mnaoleta picha mnatupa kazi ya ramli. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000, unaituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa, inabanwa, na taarifa za EXIF (mipangilio ya kamera iliyohifadhiwa ndani ya faili) zinafutwa. Tutajuaje ulitumia shata gani? Itume kama hati, inafika ilivyo. Andika lenzi, shata, apacha na ISO. Andika ulichokuwa unakitafuta. "Nilitaka tuone mikono ya fundi, sijui kwa nini jicho linakimbilia dirishani" ni swali linalojibika: dirisha ndilo eneo lenye mwanga mkali kuliko yote, sogea hatua moja kulia ulifiche nyuma ya nguzo. Na weka picha moja. Ukimwaga 15 za harusi moja hakuna atakayeivuta hata moja.

Ukikosolewa, usianze kujitetea. "Mlango ulikuwa mdogo" haubadilishi kwamba nguzo inamtoka bibi harusi kichwani. Uliza "nilipaswa kusimama wapi?" Wala usifute picha baada ya kuambiwa, maana unafuta na majibu ambayo wenzako walikuwa wanayasoma.

Mwisho kwa leo: kuchukua picha ya mtu, kuiedit na kuirudisha kundini bila kumuomba ruhusa, huo siyo msaada hata kidogo. Omba kwanza. Ukiruhusiwa, orodhesha ulichogusa na kwa kiasi gani, la sivyo umejionyesha tu.

Majukwaa yapo, watu wenye ujuzi wapo. Nani anakataa?

—

Jibu #2
Mkuu nakubali nusu. Mtu ana wiki mbili tangu ashike kamera, ukimshushia maneno yote hayo anakimbia. Sifa kidogo zinamtia moyo.

Jibu #3 (mleta uzi)
Sifa sijazikataza mkuu, nakataza sifa tupu. Mwambie "mstari wa dari umenileta moja kwa moja usoni, urudie tena hivyo". Amefurahi na amejua cha kurudia. Kwa mgeni chagua kosa moja, lile linaloharibu picha kuliko mengine, umpe na namna ya kulirekebisha. Mengine yasubiri picha ijayo.

Jibu #4
Kaka umesahau jambo. Picha ikiwa ya mwanamke, nusu ya maoni yanahusu mwili wake: mnene, mwembamba, gauni fupi. Huyo dada hakuomba kukosolewa, aliyeomba ni mpiga picha. Admini wafute hayo papo hapo. Na picha za watoto wa watu ziwekwe pale tu mzazi alipokubali.

Jibu #5 (mleta uzi)
Dada umesema kweli tupu. Mkao ukosolewe kama maelekezo ya mpiga picha: "mwambie azungushe bega la kulia nyuma, kidevu mbele kidogo na chini." Umbo la mtu siyo mada.

Jibu #6
Sisi wa simu je? Hatuna apacha ya kubadilisha.

Jibu #7 (mleta uzi)
Simu nyingi apacha yake haibadiliki, kweli, lakini mwanga unauongoza. Bonyeza uso kwenye kioo na ushikilie hadi fokasi na mwanga vijifunge, kisha telezesha kijua chini hadi kanzu irudishe mikunjo yake. Usikuze kwa vidole, sogea kwa miguu. Ukileta picha hapa, andika aina ya simu, saa uliyopiga, na jua lilikuwa upande gani.